TUWAKUMBUKE WALIMU WA KAIROPRAKTIKI, LAKINI TUWAKUMBUKE WOTE

Wengi wetu tulio huku ughaibuni, hasa Marekani na Uingereza, tulilijua neno kairopraktiki kwa njia moja kati ya mbili. Ama tulipata ajali ya gari na bima ikatupeleka kwa tabibu wa mgongo, ama ni boksi. Tukisema boksi mnatuelewa. Wapo wanaobeba maboksi kweli, usiku kucha kwenye maghala, na wapo wanaobeba wazee katika nyumba za kulelea wazee, kuwageuza kitandani, kuwainua, kuwaogesha, shifti mbili mfululizo. Mgongo ndio unaolipa ada za watoto Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, na mgongo huo huo siku moja hugoma.

Hivi karibuni tulimsindikiza ndugu yetu mmoja aliyegomewa na mgongo wake. Tukiwa tumekaa tunasubiri, tuliona ukutani picha ya mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyingi, macho makali, koti jeusi. Tukauliza, huyu ni nani? Binti wa mapokezi akatujibu kwa heshima kwamba ndiye mwanzilishi wa fani yao. Tukauliza tena, na mgonjwa wake wa kwanza alikuwa nani? Hapo binti akatabasamu, akasema hajui.

Hatumlaumu binti yule. Swali lile ndilo lililotutuma kuandika makala haya. Kila ifikapo tarehe 18 Septemba, matabibu wa kairopraktiki duniani huadhimisha siku ya kuzaliwa kwa fani yao. Na kila mwaka wahitimu wa chuo cha Palmer hurudi mjini Davenport, jimbo la Iowa, kukutana, kujifunza na kuwakumbuka waliotangulia. Utamaduni huo wa kurudi chuoni ulianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ni utamaduni mzuri na sisi tunauheshimu. Lakini tunasema, kumbukumbu ikichagua wa kumtaja na wa kumwacha, hiyo si kumbukumbu, ni mapambo.

Tuanze na mgonjwa yule wa kwanza. Aliitwa Harvey Lillard, na alikuwa mtu mweusi.

Mwaka 1895 Lillard alikuwa msafishaji katika jengo lililoitwa Ryan Block, Davenport. Ndani ya jengo hilo alikuwamo Daniel David Palmer, aliyezaliwa mwaka 1845 Ontario, Canada, akaingia Marekani akiwa kijana wa miaka ishirini kutafuta maisha. Kwa lugha yetu, naye alikuwa mtu wa ughaibuni. Alifundisha shule, akafanya biashara ya duka, kisha akawa mganga wa kutibu kwa mikono kwa kile walichokiita nguvu za sumaku. Palmer aliandika baadaye kwamba Lillard alikuwa kiziwi kwa miaka 17, kwamba uziwi ulimpata baada ya kitu kuteguka mgongoni mwake, kwamba yeye Palmer aliikuta pingili imetoka mahali pake, akaisukuma ikarudi, na Lillard akaanza kusikia. Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa kila Septemba.

Lakini kuna hadithi ya pili. Binti yake Lillard alisimulia, kama alivyosikia kwa baba yake, kwamba siku ile Lillard alikuwa akipiga soga na rafiki yake kwenye ujia wa jengo, Palmer akapita, akasikia mzaha wao, akacheka, akampiga Lillard mgongoni kwa kitabu alichokuwa nacho mkononi, na siku chache baadaye Lillard akasema anasikia vizuri zaidi. Ndipo Palmer alipopata wazo. Hata tarehe yenyewe ina ubishi miongoni mwa wanahistoria wa fani hiyo.

Ipi ni kweli? Sisi hatukuwepo. Tunachojua ni kwamba hadithi ya kwanza ni ya tabibu na ya pili ni ya familia ya mgonjwa, na kwa miaka mingi ni moja tu iliyosimuliwa ukumbini. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Maiti hayupo mkutanini kujitetea. Ndiyo maana mwenye kumkumbuka ana amana mkononi.

Sasa tuwape wenyewe haki yao, maana waliojenga fani hii walijenga kwa jasho. Jina lenyewe lilitoka kwa mgonjwa mwingine, mchungaji Samuel Weed, aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mkono na kutenda. Mwaka 1897 Palmer alifungua shule, na mwaka uliofuata mwanafunzi wa kwanza, William Seeley, akahitimu. Fikirieni shule yenye mwanafunzi mmoja anayehitimu! Robo karne baadaye, baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, shule hiyo ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 2,000.

Katikati ya hapo kulikuwa na jela. Mwaka 1906 Palmer mwenyewe alishitakiwa kwa kutibu bila leseni. Hakimu akampa achague faini ya dola 350 au siku 105 jela. Akakataa kulipa, akaingia ndani, akakaa siku 23, ndipo akalipa na kutoka. Mwaka 1907, huko La Crosse, jimbo la Wisconsin, alishitakiwa mhitimu wa shule yake, Mjapani kwa jina Shegetaro Morikubo. Mgeni, jina gumu kutamkwa, sura tofauti, na kosa aliloshitakiwa lilikuwa kutibu kwa fani ambayo hakuwa na leseni yake. Wakili wake, Tom Morris, alijenga utetezi kwamba alichokifanya mteja wake ni fani nyingine yenye nadharia yake. Morikubo akaachiwa, na utetezi ule ukatumika kuwaokoa wenzake wengi katika mahakama nyingine. Sisi wahamiaji tunapaswa kulijua jina hilo. Fani iliyokuwa na wenyewe wengi iliponea katika kesi ya mgeni.

Baada yake wakaja wengine. Kule California matabibu wa kairopraktiki walikamatwa kwa mamia, na msimamo wao ulikuwa kwamba ni afadhali kufungwa kuliko kulipa faini, maana kulipa ni kukiri kosa. Wagonjwa wao waliwafuata hadi mahabusu kutibiwa. Mwaka 1922 wapiga kura wa jimbo hilo wakapitisha sheria ya kuwatambua. Kansas ilikuwa imepitisha yake mwaka 1913. Jimbo la mwisho, Louisiana, lilitoa sheria mwaka 1974. Hesabuni wenyewe: kutoka sheria ya kwanza hadi ya mwisho ni miaka 61. Walikuwapo waliohitimu vijana, wakafanya kazi maisha yao yote wakijificha, wakafa kabla ya kuona leseni ukutani.

Wapo na walimu ambao hawakwenda jela lakini walibeba darasa. Mabel Heath Palmer, mke wa mtoto wa mwanzilishi, aliyefariki mwaka 1949, alifundisha anatomia kwa miongo kadhaa, na mwaka 1918 alichapisha kitabu cha anatomia cha kufundishia. Katika zama ambazo wanawake wa Marekani walikuwa bado hawajapata haki ya kupiga kura nchi nzima, mwanamke alisimama mbele ya ukumbi uliojaa wanaume, akawaonesha mfupa mmoja mmoja. Yupo Joseph Janse, mhamiaji aliyezaliwa Uholanzi, aliyeongoza chuo cha National kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980, akawa miongoni mwa waliosukuma fani hiyo ikubali kupimwa kwa vipimo vya sayansi kama fani nyingine za tiba. Yupo Clarence Gonstead, aliyefariki mwaka 1978, ambaye aliugeuza mji mdogo wa Mount Horeb, Wisconsin, kuwa mahali pa kuendewa na wagonjwa kutoka mbali.

Hao wote tunasema wakumbukwe, na wakumbukwe kwa fahari.

Lakini ukumbi wa kumbukumbu una milango ya nyuma, na sisi leo tunataka kuifungua mitatu.

Mlango wa kwanza ni ugomvi. Palmer baba aliitoa shule mikononi mwa mwanawe, Bartlett Joshua Palmer, maarufu kwa herufi B.J., kisha wakawa hawapatani. Mwezi Agosti 1913, katika maandamano ya wahitimu mjini Davenport, baba na mwana walizozana barabarani, na baadaye wakatokea watu waliodai kwamba gari la mwana lilimgonga baba. Mzee alifariki tarehe 20 Oktoba mwaka huo huko Los Angeles, na sababu iliyoandikwa ni homa ya matumbo. Juhudi za kumfikisha mwana mahakamani hazikufika popote. Sisi hatuhukumu. Tunasema tu kwamba kila mwenye ukoo anajua msiba wenye minong'ono, na anajua kwamba minong'ono haimalizwi kwa kukatazwa.

B.J. alikuwa mtu wa ajabu. Alikuwa mwalimu, mwandishi, mfanyabiashara, na mwenye kituo cha redio cha WOC, ambako katika miaka ya 1930 kijana mmoja aitwaye Ronald Reagan alianzia kazi ya utangazaji. Ndiye aliyeikuza shule ikajulikana dunia nzima. Lakini mwaka 1924 alileta chombo cha kupima joto la mgongo, akataka matabibu wote wakikodi kwake kwa bei kubwa, na akasema asiye nacho hawezi kufanya kazi hii sawasawa. Wengi walikasirika. Walimu wake wanne wakubwa, James Firth, Harry Vedder, Stephen Burich na Arthur Hendricks, waliondoka, na mwaka 1926 wakaanzisha chuo cha Lincoln huko Indianapolis.

Sasa sikilizeni jambo hili. Chuo cha Lincoln hakipo tena. Mwaka 1971 kilimezwa na chuo cha National. Chuo kikifa, nani anawakumbuka walimu wake? Nani anapiga kengele, nani anasoma majina? Wahitimu wake walizeeka wakiwa hawana mahali pa kurudi. Jambo hili linatugusa sisi kwa karibu, maana wengi wetu tulisoma katika shule zilizobadilishwa majina, zilizogeuzwa kuwa kitu kingine, au zilizobaki kuta tupu. Mwalimu aliyetufundisha kusoma alizikwa, na shule iliyopaswa kumkumbuka nayo imezikwa.

Mlango wa pili ni rangi, na huu ndio mzito kuliko yote. Fani iliyoanzia katika mgongo wa mtu mweusi iliwafungia watu weusi nje ya darasa. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 shule ya Davenport haikuwapokea wanafunzi weusi, na mlango ulikuja kufunguliwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Rudieni sentensi hiyo mara mbili. Ndugu zake Lillard wangeweza kufagia jengo, wangeweza kulala kwenye meza ya matibabu, lakini hawakuweza kukaa kwenye dawati. Walitafuta elimu hiyo pengine, katika vyuo vichache vilivyowakubali, na wakafungua vyumba vyao vya tiba katika mitaa ya watu wao. Ni tabibu mweusi, Bobby Westbrooks, aliyeandika mwaka 1982 utafiti kuhusu urithi wa Lillard na historia ya weusi katika fani hii, na ni kwa kazi kama yake kwamba maneno ya binti wa Lillard yanajulikana leo.

Tujiulize. Ni majina mangapi ya matabibu weusi wa miaka ile yaliyopotea kwa sababu hayakuwahi kuandikwa katika daftari la wahitimu? Mtu asiyesajiliwa akiwa hai hatasomwa akiwa amekufa. Ubaguzi humuua mtu mara mbili, mara ya kwanza anapofungiwa mlango, na mara ya pili orodha ya marehemu inaposomwa na yeye hayumo.

Mlango wa tatu ni makosa ya elimu yenyewe. Walimu wale wa kwanza walifundisha kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizokaa vibaya zikibana mishipa ya fahamu. Leo tunajua haikuwa hivyo. Hata habari ya uziwi wa Lillard ina tatizo, kwa sababu mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni kwenda kwenye ubongo humo humo ndani ya fuvu, haupiti mgongoni. Wapo wagonjwa waliopoteza muda wakitafuta mgongoni dawa ya maradhi yasiyo ya mgongo. Na wataalamu wa leo wanaonya kwamba kuzungusha shingo kwa nguvu kumehusishwa, ingawa kwa nadra, na kuchanika kwa mishipa ya damu na kiharusi.

Kwa upande mwingine, madaktari nao walikosea. Chama kikuu cha madaktari wa Marekani kilifanya kampeni ya kuimaliza kairopraktiki, kikawakataza wanachama wake kushirikiana nayo. Mwaka 1976 Chester Wilk na wenzake wachache walikishitaki, na mwaka 1987 jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba chama hicho kilivunja sheria ya ushindani. Rufaa ikashindwa mwaka 1990. Na mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani, American College of Physicians, kilitoa mwongozo unaotaja tiba ya kurekebisha uti wa mgongo kwa mikono kuwa miongoni mwa njia za kujaribu kwanza kwa maumivu ya kiuno kabla ya kukimbilia vidonge. Kwa hiyo walimu wale waliona kitu cha kweli, wakakikuza kupita kipimo chake. Hilo ndilo neno la haki juu yao, nalo lina heshima kuliko sifa tupu.

Hapa tunajua kuna wasomaji wameanza kutunyooshea kidole. Watasema, nyinyi mmesahau mila? Marehemu hasemwi vibaya. Ukienda msibani unamtaja kwa wema, unamwombea, unanyamaza. Hoja hii ni ya haki na hatutaki kuipita juu juu. Mila hiyo tumelelewa nayo na tunaishika. Anayesimama kaburini kumsengenya mtu amekosa adabu, mwisho wa maneno.

Lakini yako mambo mawili yanayochanganywa. Kumsengenya marehemu ni kumdhalilisha yeye. Kusema kosa la mwalimu ni kuwalinda wanafunzi wake. Mwalimu wa kairopraktiki hakuacha mali tu, ameacha mikono. Mikono ya waliofundishwa naye inashika shingo za watu leo asubuhi. Akikosea somo na sisi tukalifunika kosa kwa ubani, basi kosa hilo halikuzikwa naye, limehamia kwenye mgongo wa yule ndugu yetu anayebeba wazee. Ukimya wetu utakuwa umelipwa na mgonjwa.

Tena tuwaulize matabibu wenyewe. Uti wa mgongo uliopinda hunyooshwa kwa kusifiwa? Tabibu anayeupenda mgongo wa mgonjwa wake huugusa pale penye maumivu. Basi na historia ya fani yao waiguse pale pale.

Tunajua pia wapo watakaosema, haya ya Davenport yanatuhusu nini sisi Waswahili? Mambo ya Wazungu tuwaachie Wazungu. Tunajibu kwamba yanatuhusu kwa sababu mbili.

Kwanza, fani hiyo imefika Afrika. Afrika ya Kusini ina sheria ya kuisimamia tangu mwaka 1971, na vyuo vya umma vya Durban na Johannesburg vinatoa shahada zake. Nairobi nako wako matabibu wa aina hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa kairopraktiki mwaka 2005. Kijana wetu anayefikiria kuisomea leo, na wapo, ana haki ya kukabidhiwa historia kamili, pamoja na jina la Lillard, ili akiingia darasani ajue kwamba hakuja kuomba nafasi katika nyumba ya watu. Mtu wa rangi yake alikuwa mle ndani tangu siku ya kwanza.

Pili, na hili ndilo linalotuuma, wenzetu wana orodha yenye mapungufu, sisi hatuna orodha kabisa. Nani kati yetu hakuwahi kukandwa? Katika mitaa yetu ya pwani kulikuwa na bibi mkandaji aliyeitwa mtoto akiteguka mkono, mama akijifungua, mzee akishikwa na kiuno. Alikuja na mafuta yake ya nazi, akapapasa kimya, akakuta penyewe kabla hujamwambia. Bara kulikuwa na mafundi wa kuunga mifupa waliofunga vijiti na kamba, mguu ukapona. Walikuwa na wanafunzi pia, mjukuu aliyekaa pembeni akishika bakuli la mafuta. Huyo bibi alikufa. Alijua nini? Alifundishwa na nani? Alikataa kugusa majeraha ya namna gani, akasema hili mpelekeni hospitali? Alikosea wapi? Hatuna hata ukurasa mmoja. Mjukuu yuko Minneapolis, anabeba boksi, na mgongo ukimuuma anamlipa tabibu ambaye ukutani kwake kuna picha ya mzee mwenye ndevu.

Wala hatusemi kwamba bibi mkandaji alikuwa sahihi katika yote, la hasha. Wapo waliolemazwa na mikono isiyojua. Ndiyo sababu hasa tulihitaji kuandika, ili lililo jema libaki na lenye madhara liachwe. Palmer alikosea mengi, lakini aliandika, na kwa kuwa aliandika aliweza kusahihishwa. Bibi yetu hakuandikwa, kwa hiyo hakusifiwa wala hakusahihishwa. Alipotea mzima mzima.

Na sisi wa ughaibuni tuna aibu yetu ya peke yetu. Mwenzetu akifariki huku, simu zinapigwa usiku ule ule. Kamati inaundwa, michango inatangazwa, kila mtu anatoa alichonacho, maiti inasafirishwa hadi kwao. Katika hilo hatuna mpinzani, na Mwenyezi Mungu atulipe. Lakini tangazo la msiba linasema nini? Jina, tarehe, akaunti ya kuweka pesa, mahali pa kukutania. Alikuwa mwalimu wa sekondari miaka ishirini kabla ya kuja huku? Halimo. Alikuwa muuguzi aliyewafundisha wauguzi? Halimo. Tunausafirisha mwili kwa maelfu ya dola, na elimu yake tunaiacha uwanja wa ndege.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha.

La kwanza, matabibu wa kairopraktiki, na hasa vijana wetu wanaosoma au watakaosoma fani hiyo, wakiadhimisha tarehe 18 Septemba, jina la Harvey Lillard lisomwe kwanza kabla ya jina la Palmer, na simulizi zote mbili zisomwe, ya tabibu na ya binti wa mgonjwa. Na picha yake itundikwe ukutani kando ya ile ya mzee wa ndevu. Msumari mmoja unatosha.

La pili, orodha ya marehemu iwe na mistari mitatu kwa kila mwalimu: alijenga nini, aliumia kwa ajili ya nini, na alikosea wapi. Mwalimu mkubwa hataharibiwa na mstari wa tatu. Mwalimu anayeharibiwa na mstari mmoja wa kweli hakuwa mkubwa, alikuwa amekuzwa.

La tatu ni letu sisi. Kila mmoja wetu anaye mzee mmoja nyumbani mwenye elimu mikononi, awe mkandaji, mkunga, fundi wa jahazi au mwalimu wa chuoni. Mpigie simu wiki hii. Usimuulize afya tu na kumwambia utatuma kidogo mwisho wa mwezi. Muulize nani alimfundisha. Muulize jina la mwalimu wa mwalimu wake. Andika, hata kama ni nyuma ya bahasha. Na akifa, tangazo la msiba liwe na sentensi moja inayosema marehemu alitufundisha nini.

Tulipotoka pale kwa tabibu siku ile, ndugu yetu alikuwa anatembea wima kidogo kuliko alivyoingia. Ndani ya gari akatuuliza, yule mtu mweusi wa kwanza mlisema anaitwa nani? Tukamwambia. Akalirudia jina polepole, mara mbili, kama mtu anayetaka kulifikisha mahali. Hadi tunaandika makala haya bado analikumbuka, na tunaambiwa amelipeleka kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee, kwa wenzake wa shifti ya usiku.

Mungu awarehemu walimu wote waliotangulia, waliosomwa majina na wasiosomwa. Amin.